Mapera ya Jibini kwa Wageni wa Gotu

Jirani yangu amenunua oveni, na tangu hapo sisi wengine hatupumui. Kila Jumamosi kuna kitu kinaokwa, na lazima tuitwe tuone. Juzi akaniita: "Mama, njoo uonje. Hii hujawahi kula maishani." Akatoa sinia, na juu yake mapera yamepasuliwa katikati, yametolewa mbegu, yamejazwa jibini mpaka pomoni, na jibini imeungua juu rangi ya kahawia. Ati sijawahi kula! Nilitaka kumcheka, lakini ile harufu ilinifika kabla ya kicheko. Nikamwambia presha imepanda, nikajitanda leso yangu nikarudi nyumbani. Najua ameshatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni mama wa maringo. Atangaze tu.

Harufu ya pera likiiva pamoja na maziwa si ya kusahaulika. Ina utamu, lakini chini yake kuna uchachu kidogo unaokushika kooni. Mama yangu aliyajua mapera hayo kabla jirani yangu hajazaliwa. Aliyapika kwa jiko la makaa, katika nyumba ya bati, hapa hapa Isiolo. Mara ya mwisho aliyapika ili mdogo wangu Guyo asichukuliwe. Baada ya siku hiyo hakuyapika tena, na sasa Mama naye ametutoka, Mungu amrehemu, kwa hiyo acha niseme mimi.

Mama alikuwa mtu wa mjini. Babu yake alikuja na jeshi la mkoloni, Msomali wa ng'ambo, vita vilipoisha akaambiwa akae Isiolo afuge, wakakaa mpaka wakawa wa hapa. Mama alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa, alifanya kazi ya jikoni kwa daktari wa mifugo, mzungu, kule karantini ya ng'ombe. Mke wa yule daktari kila akipata wageni alioka matufaha yenye jibini. Mama akaangalia, akajifunza. Matufaha yake hakuyapata, akachukua mapera yaliyoletwa na wanawake wa Meru kwa lori. Jibini ya duka hakuitaka, maana alisikia inagandishwa kwa tumbo la ndama, na ndama huyo nani anajua alichinjwa vipi. Basi alichemsha maziwa ya mbuzi, akakamulia limau, yakakatika, akayamimina kwenye kitambaa cha melikani na kukining'iniza msumarini nyuma ya mlango. Maji yalidondoka kwenye karai mpaka kikabaki kidonge cheupe. Akakiponda na iliki, sukari na chumvi kidogo. Mapera akayapanga kwenye sufuria pana, akafunika kwa bati, akaweka makaa juu na makaa chini.

Aliyempenda kwa ajili ya mapera hayo ni Baba. Baba alikuwa Mborana wa Gotu, dalali wa ng'ombe, mtu wa kelele na furaha. Aliwaleta nyumbani wanunuzi wa Nairobi na wa Meru, akawaketisha kwenye mkeka, wakala nyama, halafu akamwita Mama kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Chechelesi: "Mama Watoto! Leta ile kitu!" Wageni wakitafuna na kushangaa, yeye anacheka kama ameyapika mwenyewe. "Kula, ndugu yangu. Hata Nairobi hakuna hii." Akiwa safarini alituma salamu kwa dereva yeyote wa lori kwamba anarudi na wageni, na Mama akaanza kukatisha maziwa. Kwa hiyo mimi, mtoto, nilikuwa na hesabu yangu. Nikiona melikani imening'inia msumarini, najua Baba yuko njiani. Haikuwahi kunidanganya.

Halafu lori la ng'ombe likapinduka, na Baba akiwa juu.

Sisi watoto hatukuambiwa. Siku hizo mtoto haambiwi kitu, anasukumwa tu kwa jirani akale uji. Baba alizikwa siku ile ile kwao Gotu, hatukuona maiti wala kaburi. Niliona watu wamejaa nyumbani, wanawake wanalia, mikeka imetandikwa hadi nje, masheikh wanasoma. Nikafikiri ni jambo la watu wazima. Nilipouliza Baba yuko wapi, mtu mmoja akasema ameenda safari, mwingine akasema ameenda kwa Mungu. Kwa mtoto wa dalali, safari ni safari. Baba alikuwa anaenda kila wakati.

Mama akakaa eda. Kwa wasiojua, mjane kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatembei ovyo, hajipambi, hajitii manukato. Mimi niliona tu Mama amevua bangili, anavaa nguo moja isiyo na rangi, hatoki. Nikamuuliza Mama Kuresha, jirani yetu mnene aliyekuwa akituletea sukari, "Mama ana nini?"

"Anangoja siku zake ziishe."

"Zikiisha?"

"Zikiisha atatoka, mtoto. Atavaa vizuri kama zamani."

Hiyo ilinitosha kabisa. Mtu anayengoja, anangoja kitu. Nikamweleza Guyo, ambaye hata chuo cha Kurani alikuwa hajaanza na aliamini kila neno langu, kwamba Mama anamngoja Baba, na siku zikiisha Baba atakuja. Tukawa tunangoja na sisi. Guyo alikuwa akikaa mlangoni na kikombe chake cha maziwa, kila lori likipita anasimama.

Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi kibaya. Watu wa mashambani waliingia mjini na wanyama wa kuhesabika mbavu, na mizoga ilitapakaa kando ya barabara mpaka fisi wakashiba. Baba alituachia mbuzi wachache. Wengine waliuzwa, wengine walikufa, akabaki mmoja wa kukamuliwa, mweusi mwenye masikio meupe. Alikula maganda ya ndizi, alikula makatoni ya sabuni, lakini alitoa kikombe kila asubuhi, na kikombe hicho kilikuwa cha Guyo, ambaye alikuwa mdhaifu wa kifua tangu azaliwe.

Eda ilipoisha, Mjomba, kaka yake Mama, akaja mchana na uso umekunjamana. Yeye alikuwa mtu wa malori, hana maneno ya kupamba. Nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele, nikasikia yote.

"Wanakuja Alhamisi," alisema. "Kaka mkubwa wa mumeo na wazee wawili. Wewe umekataa kuolewa na mdogo wa marehemu, sawa, hiyo haki yako, dini imekupa. Lakini sasa wanamtaka Guyo."

"Guyo ni mgonjwa wa kifua. Kule malishoni atalala wapi?"

"Wao wanasema ni damu yao. Dada, sikiliza. Chinja huyo mbuzi. Wazee wamekuja kwa jambo zito, hawapewi wali mtupu."

"Nimchinje, na Guyo anywe nini?"

"Utapata mwingine."

"Wapi? Kwa kiangazi hiki? Ng'o! Simchinji." Nilisikia Mama anasimama. "Nitawapikia kitu ambacho mume wangu aliwapa watu wakubwa. Wataona nyumba ya ndugu yao bado imesimama. Wataona mtoto halali njaa hapa."

Mjomba akasema, "Wewe hujui hao watu."

"Nimelala na mmoja wao nyumba moja miaka yote hiyo, nisiwajue?"

Sasa niambie mtoto atasikia nini katika hayo. Mimi nilisikia wageni wanakuja. Nilisikia mapera. Mambo ya damu yalinipita juu ya kichwa. Na kesho yake jioni nilipoona melikani imening'inia msumarini na maji yanadondoka tip, tip kwenye karai, nilikimbia uani nikamkamata Guyo mabega. "Siku zimeisha," nikamwambia. "Baba anakuja na wageni!" Tukacheza ngoma ya miguu pale uani mpaka mbuzi akashtuka.

Alhamisi Mama alioga, akavaa dirac, lile gauni lake jepesi la maua, akarudisha bangili mkononi, akafukiza udi. Alikuwa mrembo, wallahi, mpaka nikaona haya kumtazama. Lakini alipokuwa akitoa mbegu za mapera kwa kijiko, mawili yalipasuka, akayatupa karaini kwa hasira, akasema "Astaghfirullah," akachukua mengine. Alimpa Guyo maziwa nusu kikombe tu asubuhi hiyo, na siku moja kabla hakumpa kabisa, maana yote yaliingia kwenye jibini. Guyo hakulalamika. Nilikuwa nimemwambia ni ya Baba.

Wageni waliingia baada ya adhuhuri. Wazee watatu, warefu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kila mmoja na fimbo. Baba Mkubwa alikuwa na pua ya Baba na kidevu cha Baba, na alipocheka kidogo kumsalimia Mjomba nikashtuka, maana kicheko kilikuwa kile kile, ila kimekauka. "Nagaa?" aliuliza, salamu yao ya amani. "Nagaa," akajibu Mjomba. Nikachungulia nyuma yao. Nje hakukuwa na mtu mwingine. Nikajiambia Baba anafunga hesabu na dereva.

Waliongea Kiswahili, maana Mama Kiborana alikijua cha kuombea maji tu. Wakala wali. Kisha Mama mwenyewe akaleta sinia la mapera, ingawa ilikuwa kazi yangu, akaliweka katikati na kurudi kukaa karibu na pazia, amejitanda mtandio.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Wazee wawili walitazama lile sinia, wakamtazama Baba Mkubwa. Yeye akachukua pera moja kwa ncha za vidole, akaligeuza, akalirudisha.

"Shemeji, hii ni chakula gani?"

"Ni mapera, shemeji. Ndani ni maziwa ya mbuzi. Ndugu yako alikuwa anapenda sana kuwapa wageni wake."

"Wageni wake ya biashara," alisema pole pole. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo nalikumbuka zaidi. Alikuwa mtu aliyechoka. "Wewe ni mtoto wa mjini, mimi sitakulaumu. Lakini kwetu matunda inakula watoto wa malishoni. Mtoto akisikia njaa anachuma porini, anakula. Mzee hapewi. Ukimpa mzee matunda umemwambia, rudi ukachunge."

"Si hivyo shemeji, haki ya Mungu si hivyo."

"Na maziwa." Aligusa jibini kwa kidole. "Tukikaa kwa jambo ya mtoto, tunapewa maziwa ya kunywa, hata kidogo, tunaomba baraka. Hii umekamua maji yake yote. Iko kavu. Mwaka kama huu, ng'ombe yangu imekufa, wewe unanipa maziwa kavu?" Akafuta kidole kwenye shuka yake. "Sisi hatukutaka nyama mingi. Hata mbuzi moja tu, ya heshima ya marehemu."

"Shemeji, hali ni ngumu," Mjomba akaanza. "Wanyama wote..."

Na hapo mbuzi akalia nyuma ya nyumba.

Alilia kwa nguvu, kama kawaida yake saa ile, akidai maganda yake. Akanyamaza, akalia tena. Kila mtu mle ndani alisikia. Mjomba akainamisha kichwa. Mimi nilicheka, maana ilinichekesha, na hakuna aliyenikanya, na hapo ndipo nikajua kuna jambo.

"Kumbe mbuzi iko," alisema Baba Mkubwa.

Mama akasahau pazia, akasahau adabu zote, akajisogeza kwa magoti mpaka kwenye mkeka wa wanaume. "Ni wa mtoto! Ndiye anayemnyonyesha Guyo. Ana kifua, shemeji, usiku anakohoa mpaka anazimia. Nikimchinja mbuzi nimemchinja mtoto. Nitamchinja sasa hivi! Leo! Mjomba wake, lete kisu. Nitawachinjia sasa hivi, mle, halafu mniachie mtoto."

"Shemeji, keti."

"Nitamchinja, nasema!"

"Nyama ya kulazimishwa hailiwi," alisema mzee mmoja, mara ya kwanza kusikika sauti yake. Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na mpaka leo sijui kama ni vumbi. "Msichana abaki, akusaidie," alisema. "Kijana ni jina ya ndugu yangu. Jina haiwezi kukaa nyumba ya bati, inangoja mtu wa mjini akuoe. Kwetu iko ngamia wawili wa maziwa bado. Atakunywa."

Mjomba alijaribu, nisimsingizie. Alitaja kadhi, alitaja chifu. Walimsikiliza kwa heshima hadi akamaliza, kisha Baba Mkubwa akasema yeye hana ugomvi na kadhi, mtoto anaenda kwao, na mama yake akitaka kumwona mlango uko wazi. Hivyo tu. Mama hakulia. Aliingia ndani akakunja shati mbili za Guyo na sweta, akazifunga kwenye ile melikani ya jibini, maana ndicho kitambaa kilichokuwa mkononi. Kilikuwa bado kibichi.

Guyo ndiye aliyelia. Alipoona wale wazee wanasimama na mkono wake uko kwenye mkono wa mmoja wao, alijitupa chini uani, akashika mwimo wa mlango, akapiga kelele mpaka kikohozi kikamshika. Mama Kuresha akatoka kwake, akaona, akafunika mdomo kwa upindo wa nguo.

Mimi hapo nilikuwa nimeshapata jibu langu. Nilikuwa nimemtazama Baba Mkubwa mchana kutwa, pua ile, kidevu kile, na yote yakanikaa sawa. Baba alikuwa kwao. Alikuwa amechoka na safari, amewatuma ndugu zake wamletee kijana wake, kisha watarudi wote. Nikachutama karibu na Guyo, nikamfuta kamasi kwa kiganja, nikamnong'oneza sikioni: "Nyamaza, mjinga wewe. Wanakupeleka kwa Baba."

Akanyamaza pale pale. Akanitazama kuona kama namtania. "Kweli?"

"Kweli. Ukimwona mwambie aje haraka."

Akasimama mwenyewe. Baba Mkubwa akampandisha mabegani, na wakaenda, na kutoka kule juu Guyo alitupungia mkono akicheka mpaka wakapinda kwenye duka la kona. Mapera yalibaki kwenye sinia. Nzi waliyajaa, na Mama hakuwafukuza.

Mvua hazikuja msimu ule. Surua ikapita kwenye maboma ya huko, ikachukua watoto wengi, na mwenye kifua kibovu ana kinga gani. Mjomba alileta habari, Guyo amezikwa Gotu siku tatu zilizopita. Mama akaanguka. Halafu wanawake wakaja, mikeka ikatandikwa mpaka nje, masheikh wakasoma, mimi nikasukumwa kwa Mama Kuresha nikale uji. Nikiwa na kikombe mkononi nikasikia kile kilio kutoka kwetu, kile kile cha mara ya kwanza, sauti zile zile, na nikaelewa kile cha kwanza kilikuwa cha nini. Siku moja nilifiwa na baba na ndugu. Uji nilimtapikia Mama Kuresha miguuni, na yeye, Mungu ampe pepo, alinikumbatia tu na uji wangu. Mbuzi alichinjwa siku hiyo, wakala waliokuja kuhani.

Mama hakuolewa tena. Alinilea kwa kuuza chai na mahamri karibu na soko la mifugo, na wanaume waliokuwa wageni wa Baba walikunywa chai yake bila kumtambua. Baba Mkubwa alikuja mara moja, mzee sana, akakaa kwenye benchi, akalia mbele za watu. Mama alimpa chai.

Miaka yake ya mwisho alikaa kwangu, mtaa wa Wabera, miguu imemvimba. Nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya simsim baada ya swala ya alasiri, na kwa kawaida tulikuwa tukiwasengenya majirani. Siku moja akauliza, bila kunitazama.

"Siku ile, Guyo alikuwa amekataa kwenda. Ukamnong'oneza kitu, akaenda akicheka. Ulimwambia nini?"

Miaka yote hiyo, na hakuwahi kuuliza. Mikono yangu ikasimama. Nilifikiria kusema nimesahau, lakini mama yako utamficha wapi.

"Nilimwambia wanampeleka kwa Baba."

Alikaa anautazama ukuta. Nikasubiri anitukane, nikasubiri alie, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Basi hukumdanganya," alisema. Akanisogezea mguu wa pili nimkande.